Kompyuta Iliyotupwa na Mtu Aliyeiunda

Wasee, leo nawaletea stori ya kompyuta ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia. Inaitwa Galaksija. Haikutoka Marekani wala Japani, na haikutoka kwa kampuni kubwa yoyote. Ilitoka Yugoslavia, nchi ambayo siku hizi hata kwenye ramani haipo. Mwaka 1983 jamaa mmoja anaitwa Voja Antonić aliichora, kisha maelfu ya watu wakajiundia zao nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula, kwa mikono yao wenyewe.

Halafu mwaka 1995, huyo huyo Antonić alichukua zile mashine zake za majaribio, za kwanza kabisa, akazitupa kwa takataka. Alidhani hakuna mtu atakayezihitaji tena.

Nilipofika hapo kwenye stori niliweka simu chini nikakaa kimya kidogo. Kuna kitu mimi pia nilitupa, na nitawaambia sasa hivi ili mjue kwa nini naandika hii kitu.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa redio na TV, Ngara. Alifariki nikiwa mwaka wa kwanza chuo, nikisomea kompyuta, kabla niachane na hiyo maneno. Chumba alichotumia kama stoo kilikuwa cha kukodi, na mwenye nyumba alikitaka mwisho wa mwezi. Mathe akaniambia nije nisaidie kukitoa. Ndani kulikuwa na TV kubwa za kisogo kirefu, redio zisizo na mgongo, bodi zimening'inizwa kwa misumari ukutani, na kompyuta moja ya zamani sana ambayo kibodi na mashine ni kitu kimoja. Sikuijua jina, na hata sikuangalia. Kulikuwa pia na madaftari manane, yale ya shule ya jalada gumu, yamejaa michoro ya saketi kwa biro ya bluu.

Jamaa wa vyuma kuukuu akapita na mkokoteni. Akapima kila kitu kwa kilo, akatupa shilingi 1,400. Madaftari aliongezewa bure, akasema yatafaa kufungia vitu. Mimi ndiye niliyabeba hadi kwa mkokoteni.

Kichekesho ni kwamba wiki hiyo hiyo nilikuwa nimelipa karo ya kufundishwa kompyuta. Nilikaa chuo semesta tatu na sikuwahi kuona mashine hata moja ikifunguliwa. Tulikuwa tunaonyeshwa picha za prosesa ukutani, tunazikariri, tunazirudisha kwenye mtihani. Sasa turudi Yugoslavia.

Wakati kompyuta iliingia nyumbani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kompyuta ilikuwa inatoka maofisini na kuingia sebuleni. Mwaka 1982 ndio mwaka mkubwa. Marekani walitoa Commodore 64, bei dola 595. Uingereza, mwezi wa Aprili, Sinclair wakatoa ZX Spectrum, kijimashine cheusi chenye vitufe vya mpira na ufito wa rangi za upinde wa mvua pembeni. Ile ndogo ilikuwa pauni 125, ile kubwa pauni 175.

Hiyo "kubwa" ilikuwa na memori ya kilobaiti 48. Simu ya gigabaiti nne, ile tunaita simu ya kawaida mtaani, ina memori zaidi ya mara 80,000 ya hiyo. Haikuwa na skrini yake, unaiunganisha kwa TV ya nyumbani. Programu zinakaa kwa kaseti, zile zile za muziki ambazo wazazi wetu walikuwa wanarudisha nyuma kwa biro ili wasimalize betri. Unabonyeza kaseti icheze, inatoa sauti kama mtu anakwaruza bati, unangoja dakika tano, gemu inaingia. Kama kaseti imekwama dakika ya nne, unaanza upya.

Lakini ukiiwasha bila kaseti, haikuonyeshi matangazo wala haikuulizi barua pepe. Inakungoja uandike. Ukitaka ifanye kitu, unaiambia wewe mwenyewe kwa lugha ya BASIC. Mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa anarudi shule, anawasha, na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni nafasi ya kuandika programu. Ndiyo maana Uingereza ilipata kizazi kizima cha vijana wa kutengeneza gemu kwenye vyumba vyao vya kulala.

Yugoslavia walikuwa wanayaona haya kwa magazeti tu. Sheria ya nchi ilikuwa imeweka kikomo kwa kile ambacho mtu binafsi angeweza kuingiza kutoka nje: maki 50 za Ujerumani. Ile Spectrum ya bei ya chini kabisa ilikuwa karibu mara kumi ya hiyo. Wengine waliingiza kwa kuficha, wanavuka mpaka na kompyuta imefichwa kwa gari. Wengi walibaki wakitamani. Hii hali si mnaijua? Kitu kipo duniani, video zake umeziona zote, na bei ikishafika kwako imekuwa kodi juu ya kodi.

Jamaa akiwa likizo

Kiangazi cha 1983, Antonić, miaka 31, alikuwa likizo Risan, mji mdogo wa pwani huko Montenegro. Wengine wanabeba riwaya wakienda baharini. Yeye alibeba kitabu cha maelezo ya prosesa ya kampuni ya RCA.

Humo akakutana na wazo moja. Kwa kawaida kompyuta ya wakati huo ilihitaji saketi maalum ya kuchora picha kwenye TV, na hiyo ndiyo ilikuwa ghali na ngumu. Lakini je, kama prosesa yenyewe ingefanya hiyo kazi? Yaani ubongo uache kidogo kufikiri, uchore skrini, kisha urudi kufikiri, mara hamsini kwa sekunde. Akaanza kupiga hesabu kama prosesa ya bei rahisi, Z80, ingeweza. Ikaweza.

Hapo ndipo gharama ilishuka. Ukiondoa saketi ya picha unabaki na chipu chache za kawaida. Kulikuwa na bei ya kulipa, bila shaka: prosesa ilitumia sehemu kubwa ya muda wake kuchora skrini, kwa hivyo mashine ilikuwa ya polepole. Rangi hakuna, ni nyeusi na nyeupe. Sauti hakuna. Memori ilikuwa kilobaiti mbili, na ungeweza kuongeza hadi sita. BASIC yake yote ilibanwa ndani ya kilobaiti nne, hadi mashine ilikuwa na majibu matatu tu ya makosa. Ukiandika vibaya inakuuliza "nini?" Ukiipa namba isiyowezekana inakuuliza "vipi?" Memori ikijaa inasema "samahani". Nawapenda sana watu waliofanya kazi na hayo majibu matatu, kwa sababu mimi nina simu inayoniambia tu "hitilafu imetokea".

Bodi yake aliichora iwe na njia za umeme upande mmoja peke yake. Hiyo ina maana mtu angeweza kuitengeneza hata nyumbani, palipokosekana njia anaruka kwa kipande cha waya.

Sasa Antonić alikuwa na mchoro. Angeweza kuufungia kwa kabati, atafute kampuni, asaini mkataba. Badala yake aliungana na mwandishi kijana, Dejan Ristanović, ambaye alikuwa na miaka 20 hivi. Hebu fikiria, rika letu. Ristanović alikuwa anaandaa toleo maalum la jarida la sayansi lililoitwa Galaksija, toleo ambalo jina lake kwa Kiswahili ni kama "Kompyuta nyumbani kwako". Mwanzoni mwa 1984 toleo likawa mikononi mwa watu, na ndani yake kila kitu: mchoro mzima, orodha ya vipuri, maelezo ya hatua kwa hatua, na namna ya kuagiza vile ambavyo ni vigumu kupata. Kompyuta ikarithi jina la jarida.

Walitarajia watu wachache wenye wazimu wa elektroniki. Walipata barua za watu zaidi ya 8,000.

Kila mtu alijinunulia vipuri vyake, na kila mtu alijitengenezea kava lake, wa mbao, wa bati, wa plastiki. Kwa hivyo Galaksija za nyumbani hazifanani. Ukiziona zimepangwa pamoja kwenye picha utadhani ni matatu, kila moja na rangi zake. Baadaye kiwanda kimoja kilianza kuziunda zikiwa tayari, zikaingia hata shuleni.

Programu kwa redio

Hapa ndipo huwa nawashika watu mkono nikisimulia. Umeunda mashine, sawa, programu utatoa wapi? Intaneti ya nyumbani haikuwepo. Kutuma kaseti kwa posta kunachukua siku.

Belgrade kulikuwa na mtangazaji wa redio, Zoran Modli, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa urubani wa ndege. Kipindi chake kiliitwa Ventilator 202. Wale wa jarida walimfuata na swali: kama programu ya kompyuta kwenye kaseti ni sauti tu, si sauti inaweza kurushwa hewani?

Modli akakubali. Katikati ya muziki anawaambia wasikilizaji wajiandae na kaseti, kisha redio inaanza kutoa yale makelele ya bati. Huku nyumbani, vijana wamebonyeza kitufe cha kurekodi na hakuna anayeruhusiwa kupita na viatu. Makelele yakiisha, unapeleka kaseti kwa kompyuta, na programu iko. Umepakua kitu kutoka hewani mwaka 1983, kabla hata hilo neno kupakua halijawa na maana hiyo. Wasikilizaji nao walianza kutuma programu zao wenyewe zirushwe. Wadachi pia walikuwa na kipindi chao cha redio cha aina hiyo, kwa hivyo Modli hakuwa peke yake duniani, lakini sijui kama kuna mwingine aliyefanya hivyo akiwa rubani.

Naomba uifikirie kidogo. Nyanyako anasikiliza taarabu, ghafla makelele ya dakika tatu, na wewe unamwambia "shosho usizime, ni programu inaingia."

Mashine niliyoipata Lang'ata

Baada ya kuacha chuo nilianza kutengeneza video kuhusu vifaa vya zamani, kwanza kwa sababu nilikuwa broke na simu mpya za kufanyia video sikuwa nazo. Mwaka jana mama mmoja mstaafu wa Lang'ata aliniandikia. Alikuwa amefanya kazi kwa familia ya Waingereza, na walipoondoka 1989 walimwachia vitu, kati yake sanduku la "kompyuta ya watoto". Alikuwa amelikalia miaka yote hiyo. Nikaenda. Nikafungua sanduku. ZX Spectrum, ile ya kilobaiti 48, na vitufe vyake vya mpira.

Nilimuuliza anataka pesa ngapi. Akasema, "Mwanangu, nataka tu kuiona ikiwaka. Watoto walikuwa hawaniachi niishike."

Sikuiwasha siku hiyo, na hii ni sababu moja nawapa bure: kamwe usichomeke mashine ya zamani kwa stima eti uone kama inafanya kazi. Kifaa cha umeme kilicholala miaka thelathini kina kapasita zilizokauka, na adapta mbovu inaweza kuua chipu ambazo zilikuwa nzima. Spectrum ina mtego wake wa ziada. Adapta nyingi za leo zina chanya katikati ya pini na hasi nje. Spectrum ni kinyume, hasi ndiyo iko katikati. Ukichomeka adapta yoyote uliyookota kwa droo, umeichoma.

Nilimpelekea mzee mmoja fundi, Luthuli Avenue, ghorofa ya juu, mahali ukiingia unapita kati ya spika za matatu. Akageuza mashine, akaisoma kwa chini, akanusa. Kweli, akainusa.

"Kijana, hii mtu aliipa moto kinyume."

"Umejuaje, mzee?"

"Njoo uone."

Akaifungua, skrubu tano, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona ndani ya kompyuta nikiwa na mtu wa kunieleza. Chipu moja moja unaziona. Hii ni prosesa. Hii ndiyo ina BASIC. Hizi nane zilizopangwa mstari ni memori ya chini, kilobaiti 16 za kwanza, na ndimo picha ya skrini inakaa. Hizo nane zinataka volti tatu tofauti kwa wakati mmoja: tano, kumi na mbili, na tano hasi. Kuna transista moja na koili kidogo pembeni zinazotengeneza hizo za ziada. Hiyo transista ilikuwa imekufa. Mzee alipima kwa mita akanionyesha: tano iko, kumi na mbili hakuna, tano hasi hakuna.

Transista aliitoa kwa bodi nyingine mbovu iliyokuwa kwa droo. Tukawasha kwa adapta sahihi. TV ikaonyesha miraba ya takataka. "Sasa kuna memori moja imekufa pia," akasema, akaanza kuzigusa kwa kidole moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa ya moto kuliko wenzake. Chipu za aina hiyo hazitengenezwi tena, kwa hivyo niliagiza ya zamani kutoka nje. Ilikuja baada ya wiki sita, na kuisafirisha kuligharimu zaidi ya chipu yenyewe. Utandao wa plastiki ulio chini ya vitufe pia ulikuwa umepasuka, hiyo ni kawaida kwa umri, na kuna watu duniani ambao bado wanatengeneza mpya kwa sababu tu wanazipenda hizi mashine.

Siku ya mwisho mzee alishika solda, akaweka chipu, tukawasha. Skrini nyeupe. Halafu chini kabisa, mstari mmoja mdogo: jina la Sinclair na mwaka 1982.

Niliiunganisha na simu yangu kwa waya wa spika. Nimeshasema programu ni sauti tu, sivyo? Sauti hizo zimehifadhiwa mtandaoni. Nikaicheza kwa simu kama wimbo, sauti juu, na pembezoni mwa TV yakaanza kukimbia mistari ya buluu na njano. Simu ile ile ninayolipia fare kwa M-Pesa ilikuwa inanong'onezea mashine ya 1982, na zikaelewana. Wateja wawili walisahau simu zao juu ya kaunta, wakaja kuangalia.

Tukampelekea mama wa Lang'ata. Kwenye Spectrum kila kitufe kina neno zima la BASIC, ukibonyeza P tu, inaandika PRINT. Nikamwonyesha. Akaandika jina lake, akaiambia irudie, na jina lake likajaa skrini nzima likishuka kama mvua. Alicheka hadi akakaa chini. Amekatalia nayo, na ana haki.

Kilichookoa Galaksija

Sasa najua kuna mtu anasema, hizi si nostalgia za wazungu? Sisi hatukukua na Spectrum. Kweli kabisa. Mimi mwenyewe kitu cha kwanza nilichoshika kilikuwa Nokia ya tochi. Kama stori yote ni watu wazima wa Ulaya wanakusanya toys zao za utotoni na kuzifunga kwa kioo, basi hainihusu sana. Kuna wakusanyaji wanaonunua mashine, wanaiacha kwa sanduku lake, hawaiwashi, wanangoja bei ipande. Hao nawaheshimu kama ninavyoheshimu watu wa ploti.

Lakini rudi kwa Antonić. Alitupa mashine zake 1995. Ukiangalia juu juu, hiyo ni habari ya kitu kupotea milele. Lakini leo kuna Galaksija kwenye Makumbusho ya Sayansi na Teknolojia, Belgrade. Kuna watu wanaounda Galaksija mpya kabisa, nakala za ile ile, zikiwaka na kuuliza "nini?" kama zamani. Unaweza kuicheza ndani ya kompyuta yako sasa hivi kwa programu inayoiiga. Muundaji alitupa zake, nchi iliyoizaa ikavunjika, na mashine bado ipo.

Iliwezekana kwa sababu miaka kumi na kitu kabla ya kuzitupa, alikuwa ameshagawa mchoro. Ulikuwa kwa maelfu ya nyumba, ndani ya jarida la bei ya jarida. Kuna aliyetupa lake na kuna aliyeliweka chini ya godoro. Programu zilirushwa hewani, zikabaki kwa kaseti za watu Modli hakuwahi kukutana nao. Hakuna kabati moja ambalo likichomeka kila kitu kinaisha.

Mjomba alifanya kinyume. Alijua mambo mengi, pengine kuliko walimu wangu wote wa chuo. Aliyaandika vizuri, madaftari manane, kisha akayafungia. Nadhani alikuwa na sababu. Fundi akikuonyesha kila kitu, kesho umefungua kibanda kando yake na wateja wake ni wako. Biashara ya ufundi hapa kwetu ni ya kubana, na siwezi kumlaumu mtu aliyelisha familia kwa siri zake. Lakini siri hiyo ilikuwa na mlinzi mmoja peke yake, na alipoondoka, mlinzi wa pili nilikuwa mimi, nikaiuza kwa shilingi 1,400.

Nilimuuliza yule mzee wa Luthuli kama alimjua mjomba. Nikataja jina, nikaeleza duka lilikuwa wapi, TV gani alipenda kutengeneza. Mzee alifikiri, akatikisa kichwa. Hakumjua. Ni dakika ishirini kwa miguu kutoka Luthuli hadi Ngara.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kunipinga. Kukusanya vitu vya zamani peke yake si kuhifadhi historia. Kuvifungua, kuvitengeneza na kumwonyesha mwingine ulivyofanya, hiyo ndiyo inahifadhi. Mashine iliyofungwa kwa kioo ikifa, imekufa. Fundi aliyekuonyesha transista gani inaleta volti kumi na mbili ameshaweka nakala yake ndani yako, hata akiumwa kesho.

Na sisi tunavyo vyetu. Zile simu ndogo za vitufe zilizopokea M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ziko kwa droo za nyumbani sasa hivi, betri zimefura. Ndizo zilikuwa kompyuta ya nyumbani ya kwanza kwa familia nyingi za Kenya, tusidanganyane. Nani anajua kuzifungua? Wale mafundi waliokuwa wanabadilisha kava na spika pale River Road wakati huo, wengi wana mvi sasa. Hakuna jarida lililochapisha wanachojua.

Mimi nimeanza. Kila Jumamosi napanda ile ghorofa na simu yangu na stendi. Mzee anatengeneza, mimi narekodi mikono yake na sauti yake, na kila video naiweka bure, pamoja na mchoro niliouchora mwenyewe kwa daftari. Michoro yangu ni mibaya, mzee ananicheka. Mwanzoni alikuwa hataki. Aliniuliza, "Sasa wote wakijua, mimi nitakula nini?" Sikuwa na jibu zuri, nikamwambia ukweli kuhusu mjomba na mkokoteni. Alinyamaza, akaendelea kushika solda. Baada ya muda akasema, "Washa hiyo simu, lakini usionyeshe uso."

Basi nawaomba kitu kimoja. Kabla ya ile fagia-fagia ya Desemba, kabla jamaa wa mkokoteni hajapita kwenu, ulizeni wazee nyumbani hicho kitu kwa stoo ni nini na kilifanya kazi vipi. Msikichomeke kwa stima. Wapeni dakika kumi, rekodini wakieleza. Na kama kuna madaftari, piga picha kila ukurasa.

Na kama kuna mtu alinunua kitu sokoni Ngara kimefungwa kwa karatasi yenye michoro ya saketi ya biro ya bluu, tafadhali niandikie. Hata ukurasa mmoja.